Mgeni Ndani ya Pembetatu

Mwalimu Zenovia Cărbunaru alikuwa na tabia ya kuitukana hesabu kabla ya kuifundisha. Mwanafunzi akishakaa mezani jikoni, kati ya birika la kahawa na chupa ya siki, kitu cha kwanza kuambiwa ni kwamba swali lililo mbele yake ni jinga, limetungwa na mvivu mmoja wizarani aliyekuwa akisubiri chakula cha mchana, na kwamba itakuwa fedheha kushindwa na kitu cha kijinga namna hiyo. Watoto walimpenda kwa hilo. Shuleni na nyumbani waliambiwa hisabati ni kitu kitukufu. Kwake, ghorofa ya nne, katika jengo la nyuma ya soko la samaki mjini Brăila, waliambiwa hisabati ni punda, na kazi ya leo ni kumpandisha ngazi.

Alikuwa ameshastaafu shule, mfupi, mnene, nywele amezitia rangi ya bilinganya kama wanawake wengi wa umri wake mjini pale, na tuisheni ndiyo iliyompa kahawa, sigara na sababu ya kuvaa viatu. Sheria yake ilikuwa moja: hatua zote ziandikwe. Anayeruka hatua anaanza upya, hata kama jibu lake ni sahihi, hata kama analia.

Chini kabisa, katika jengo hilohilo na ngazi hiyohiyo, aliishi mwalimu mwingine wa tuisheni ya hisabati. Huyo alikuwa Haralamb, mume wake wa zamani.

Haralamb alimwacha kwa ajili ya mwalimu wa jiografia wa mji wa Galați, mwanamke mwenye ramani nyingi na mapaja mazuri, kwa maneno ya Zenovia mwenyewe, ambaye hakuwahi kumnyima mtu sifa anayostahili. Baada ya kipupwe kimoja jiografia ilimchoka Haralamb, ikamrudisha Brăila na sanduku moja. Mahakama ilishampa Zenovia nyumba ya ghorofa ya nne. Haralamb akanunua chumba kimoja pale chini, chenye unyevu, kilichokosa mnunuzi tangu mwenyewe afie humo. Alisema amekinunua kwa sababu ya goti lake bovu. Zenovia alisema amekinunua ili kila akienda kutupa takataka akutane na sura yake. Wakipishana ngazini walisalimiana kama watu wanaokwenda kwenye mazishi tofauti, wala hawakuzidisha neno.

Ufundishaji wao ulikuwa kama ndoa yao, haukupatana popote. Haralamb alikuwa mtu wa jiometri na hakupenda kuandika. Aliukodolea mchoro macho kama paka aliyeona kabati la samaki limeachwa wazi, kisha akachora mstari mmoja mahali ambapo hapakuwa na mstari, na swali zima likabaki uchi. Wanafunzi wake walitoka wakishangaa. Wanafunzi wa Zenovia walitoka wakijua. Angalau hivyo ndivyo Zenovia alivyopenda kulisema, na alilisema dukani, kwa msusi, na mara moja kanisani wakati wa ubatizo wa mtoto wa watu.

Mwezi wa Septemba daktari wa meno aitwaye Otilia Bratosin alimleta bintiye wa pekee, Ruxandra, ambaye kila mtu alimwita Ruxi. Alikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani wa taifa, ule unaoamua mtoto ataingia sekondari gani, na Daktari Otilia alikwishaamua: ile ya katikati ya mji, aliyosoma yeye na baba yake yeye. Alikuja na kalamu iliyobarikiwa na mtawa mmoja wa monasteri ya milimani, akaiweka mezani kwa heshima. Zenovia aliijaribu kwenye gazeti. Ilivuja.

Ruxi mwenyewe alikuwa mrefu kuliko mlango wa jokofu, vidole vimefungwa plasta, jicho moja lina wekundu wa juzi. Alikuwa kipa wa timu ya wasichana ya mpira wa mikono. Mama yake aliutaja mchezo huo kama mtu anavyotaja chawa, jambo la umri ambalo likitunzwa kwa usafi litapita. Ruxi alisema shikamoo, akakaa, akajibu swali la kwanza vibaya na la pili vizuri, kisha akasinzia macho yakiwa wazi, kipaji ambacho Zenovia hakuwa amekiona katika miaka yake yote ya ualimu.

Kitu ambacho Daktari Otilia hakukisema ni kwamba Jumanne mtoto atapanda ghorofa ya nne, na Alhamisi atabaki pale chini kwa Haralamb. Yeye ni daktari, na kwake kama dawa moja inafaa basi mbili zinafaa zaidi. Alimwapisha binti asiwaambie wazee hao, maana wangegoma. Ruxi aliapa kwa moyo mweupe, kwa sababu tayari alikwishaona mambo mawili: kwamba walimu hawa hawaongei, na kwamba kila mmoja anatoa kazi ya kufanya nyumbani. Basi kazi ya Zenovia akampelekea Haralamb, akamwambia ni ya shuleni na imemshinda. Kazi ya Haralamb akampandishia Zenovia kwa maneno yaleyale. Wazee wale hawakuweza kuona swali limelala barabarani wakalipita. Wote wawili walilitatua hapohapo kwa raha zao, Ruxi akanakili, na saa zilizobaki akazitumia kudaka mipira na kulala.

Mambo yalikwenda hivyo hadi Januari. Zenovia alikuwa akijivuna mjini kwamba amemtoa mtoto wa daktari gizani. Jumanne moja theluji ilikuwa imeziba nusu ya dirisha la jikoni, na akamtaka Ruxi asimame aeleze jinsi alivyolitatua swali la msambamba alilopewa wiki iliyopita. Ruxi akapiga miayo, akasimama, akaweka kidole kwenye mchoro.

"Hapa tumekwama," alisema. "Kwa hiyo tunamwalika mgeni."

Zenovia aliteremsha kikombe. "Tunamwalika nani?"

"Mgeni, Mwalimu. Mstari wa kuongeza. Anakuja, anatusaidia kazi, halafu anafutwa."

Mgeni huyo Zenovia alimjua vizuri. Alimsikia mezani, kitandani, kwenye foleni ya nyama enzi za foleni, na katika fungate yao huko ufukweni Mangalia, ambako Haralamb alimchorea pembetatu mgongoni kwa mafuta ya jua na kumwalika mgeni mbele ya familia nzima ya watu wa Iași. Katika mji ule ni mwanamume mmoja tu aliyesema hivyo. Aliuliza nani amemfundisha maneno hayo. Ruxi akasema ni mwalimu wa shuleni. Zenovia alimjua mwalimu wa shuleni, kijana mpole ambaye hajawahi kumwalika yeyote, hata kwa kahawa.

Angeweza kumfukuza. Alikuwa hata ameshavuta pumzi ya kumfukuzia. Lakini macho yake yalirudi kwenye mchoro, akauona ule mstari ulivyoingia pembeni kabisa, mahali ambapo yeye asingefikiria, ukakata pande mbili na kumaliza ugomvi. Ulikuwa mzuri. Mbwa yule alikuwa bado anaweza. Zenovia akavuta karatasi mpya, akawasha sigara, akaandika swali ambalo mtoto wa darasa la nane hakuwa na sababu yoyote ya kulijua, akamkabidhi Ruxi.

"Mwambie mwalimu wako wa shuleni asikurupuke," alisema.

Swali lilirudi limetatuliwa, pamoja na ujumbe kwamba mwalimu wa shuleni anauliza kama aliyelitunga hana magumu zaidi, kwa kuwa hili amelifanya akiwa chooni. Zenovia alicheka mpaka akakohoa. Alituma lingine, na hilo lilikaa chini wiki mbili nzima, jambo lililompa furaha ambayo hakuipata hata siku ya hukumu ya talaka. Kisha kutoka chini ukaja mlinganyo unaofanana na waya wa seng'enge. Aliupigania Jumapili yote, akakosa misa ya kumbukumbu ya shangazi yake, mwanamke ambaye hata hivyo hakuwa akimpenda. Bibi Veta, mwenyekiti wa jengo, aliyekaa ghorofa ya pili na masikio yake, alimsikia akiimba akifua, akaenda kuwaambia watu kwamba Zenovia amepata bwana.

Matusi nayo yalipanda na kushuka. Ruxi aliyabeba bila kubadilisha uso, kama tarishi wa serikali. Zenovia aliitwa mhasibu wa mochwari. Akajibu kwamba mwenzake ana akili ya njia za mkato na goti la kuzithibitisha. Siku moja aliletewa kwamba yeye ni kikokotoo kilichovaa sidiria, na hilo lilimuuma kidogo, lakini alikubali kwamba limetungwa vizuri. Katika yote hayo hakuna aliyekumbuka kumuuliza mtoto kama anaelewa kinachoandikwa.

Machi ulikuja mtihani wa majaribio. Ruxi alipata tatu na robo kati ya kumi.

Zenovia alikuwa akichoma pilipili hoho jikoni Jumamosi ile aliposikia jina lake likipigwa kelele chini. Alizima moto, akashuka na ndara zake mpaka mwisho wa ngazi. Pale mlangoni alimkuta Haralamb, kitambaa cha kulia chakula bado kimechomekwa shingoni, na Daktari Otilia ameshika karatasi ya mtihani kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Ruxi alikuwa ameegemea visanduku vya barua. Mlango wa Bibi Veta huko juu ulikuwa wazi kiasi cha sikio.

"Nalipa walimu wawili," alisema Daktari Otilia. "Wawili. Na mtoto ana tatu."

"Na robo," alisema Ruxi.

Zenovia akauliza wawili gani, akijaribu kushangaa. Hakuwa hodari wa kuigiza.

"Acha, Zeno," alisema Haralamb. Hakuwa amemwita hivyo tangu mahakamani. "Ulijua tangu Januari. Maswali yako yalianza kuwa na meno."

"Na wewe ulijua lini?"

"Novemba. Hakuna mtoto anayeandika 'kwa hiyo' mara nane kwenye ukurasa mmoja. Nimelala na hiyo 'kwa hiyo' ujana wangu wote."

Hilo lilimchoma Zenovia kuliko tusi lolote, kwamba Haralamb alijua kabla yake na akanyamaza. Daktari Otilia alikuwa akiwatazama kwa zamu, na taratibu ilimwingia.

"Mlikuwa mnatongozana kupitia kwa binti yangu," alisema.

"Nani amtongoze huyu," alisema Zenovia. "Tulikuwa tunatukanana. Yeye ndiye aliyeniita kikokotoo kilichovaa sidiria."

Haralamb aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba hajawahi kutamka maneno hayo. Zenovia alimjua mama mkwe yule, na alijua mumewe asingelitaja kaburi lake ovyo. Wote watatu wakamgeukia Ruxi.

"Mlikuwa mnapoa," alisema Ruxi. "Nikaona niwasaidie."

Daktari Otilia angemtoa mtoto siku ileile, ila mwezi wa Machi, mjini Brăila, ni rahisi kupata kiti cha ubunge kuliko nafasi kwa mwalimu wa hisabati. Alisema wameharibu wawili na watatengeneza wawili, bure, tena wakae chumba kimoja ili wachungane. Akasema pia kwamba mtoto huyu akifikisha tisa mwezi wa Juni anaruhusiwa kwenda anakotaka, hata mwezini, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba roketi haipo. Mwisho alimgeukia Haralamb. Malipo ya Haralamb tangu mwanzo yalikuwa ni kutengenezewa meno. Walikubaliana hivyo, na kazi ilikuwa katikati. Alimwambia lile jino la mbele litabaki la muda. Akaondoka na binti yake, na karatasi ya mtihani ikabaki sakafuni.

Zenovia aliiokota, akapanda nayo. Hakumaliza kuchoma pilipili. Swali la mwisho lilikuwa la jiometri. Ruxi alikuwa ameanza kwa kuchora mstari wa mgeni, akaufuta. Chini yake aliandika "kwa hiyo", kwa herufi nzuri, na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Zenovia aliitazama ile "kwa hiyo" iliyobaki peke yake kwenye karatasi nyeupe. Mtoto alikuwa na maneno ya walimu wote wawili na hesabu ya hata mmoja hana. Alijisikia vibaya kwa namna ambayo haikupona kwa sigara, ndipo akavaa viatu na kushuka kugonga mlango ambao hakuwahi kuugonga.

Miaka yote alijifariji kwamba mle ndani Haralamb anakula samaki wa kopo akiwa amesimama. Mlango ulipofunguliwa alikuta chumba safi. Mashati yalining'inia yamepigwa pasi, sufuria ya supu ilikuwa jikoni na harufu ya lavaji, majani ya kiungo, na dirishani palikuwa na chungu cha mrehani. Alihisi ameibiwa.

"Nani anakupigia pasi?" aliuliza.

"Mimi."

"Miaka yote ile ulijua kupiga pasi?"

"Ilikuwa pasi yako," alisema Haralamb. "Ningeigusa ungeniua."

Zenovia hakukaa. Alimwekea ile karatasi mezani, akamwonyesha swali la mwisho. Haralamb akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kutazama mchoro wowote, kisha akaivua akaisugua na ncha ya shati. Alisema wamemfanya yule mtoto bahasha. Zenovia akasema kweli, ingawa bahasha yenyewe ilikuwa ikijiongezea maneno. Walikubaliana kukutana juu, kwa sababu meza ya juu ni kubwa. Haralamb alitaja goti lake. Zenovia akamwambia apande nalo hivyohivyo.

Siku ya kwanza hawakufungua kitabu. Haralamb aliketi karibu na bomba la joto, Zenovia karibu na kahawa, na katikati wakamweka Ruxi na sahani ya biskuti, wakamuuliza anataka nini. Ilionekana hakuna aliyewahi kumuuliza, maana alikula biskuti tatu kwanza. Kisha akasema anataka kwenda sekondari ya michezo, ile yenye bweni na timu ya kweli, kilomita nyingi kutoka kwenye kiti cha meno cha mama yake.

Haralamb akasema basi ahangaikie nini na hisabati, kule wanaingia kwa kuruka.

"Nikipata alama mbovu, mama atasema nimekwenda kudaka mipira kwa sababu sina akili," alisema Ruxi. "Atasema mpaka nife. Nataka nipate alama ya kuingia kule kwake. Halafu nisiende."

Zenovia alimtazama kwa heshima mpya. Inda alikuwa akiielewa. Ilimvusha kwenye talaka yake vizuri kuliko sala za watu wote.

Tangu siku hiyo wakafundisha pamoja, kama inawezekana kuyaita yale kufundisha. Haralamb akianza kuchora, Zenovia alimnyang'anya penseli na kudai kwanza kiandikwe kinachojulikana. Zenovia akianza kuandika, Haralamb alilala kwa makusudi na kukoroma. Waligombana kuhusu sehemu, kuhusu kipeo cha pili, kuhusu kama sifuri ina haki ya kuitwa namba mbele ya watoto. Ruxi akisinzia, Zenovia alimpulizia maji kwa chupa ya kunyunyizia maua. Mara moja Haralamb alijaribu kumweleza pembe kwa mfano wa goli na kipa, Ruxi akamwambia kwa upole kwamba hajui lolote kuhusu mpira wa mikono, tafadhali warudi kwenye pembetatu.

Ukweli ni kwamba mtoto alijifunza kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuwanyamazisha. Kila mmoja alimgeuza hakimu, akimtaka aseme nani yuko sahihi, na hakimu ambaye hajaelewa kesi huumia kichwa. Akaanza kufuatilia. Akaanza kuona pale ambapo mzee huyu amedanganya kidogo na mzee yule amezunguka bure. Siku moja mwezi wa Aprili, wiki ya Pasaka na mayai yake mekundu, aliwaacha wakibishana, akachora mstari wake, akaandika hatua zake zote mpaka chini, akawasukumia karatasi. Wakaisoma. Ikapita dakika nzima jikoni mle bila mtu kusema neno, hata jokofu lilisikika. Ruxi alinogewa na ule ukimya. Baada ya hapo alikuwa akiutafuta mwenyewe.

Ndipo siku nyingine, katikati ya swali la duara, Haralamb akasema ipo njia fupi zaidi.

"Njia fupi unazijua sana," alisema Zenovia. "Moja ilipita Galați."

Haralamb akaitazama meza. Ruxi hakuinua kichwa.

"Hilo haliko kwenye mtaala," alisema.

Walicheka, kwa sababu ilibidi. Lakini Ruxi alipoondoka, Haralamb hakuondoka. Alisimama karibu na sinki, ambako Zenovia alikuwa akiosha vikombe, akasema kwamba alikosea. Alilisema haraka, kama mtu anayetoa jibu la mwisho na kutaka karatasi ikusanywe.

"Onyesha hatua," alisema Zenovia.

Basi Haralamb, ambaye hajawahi katika maisha yake kuandika hatua, akaanza mwanzo. Alieleza jinsi ilivyokuwa, kwa shida, akirudi nyuma mara kwa mara, na hakujipamba. Zenovia alisikiliza akikausha kikombe kilekile. Alimkatiza mara moja tu, kumkumbusha kwamba ameruka mahali alipoondoka na redio yake yeye Zenovia. Haralamb akarudi, akaiweka redio mahali pake, akaendelea. Alipomaliza, Zenovia hakumpa alama yoyote. Alimwambia supu ya kwake ile siku ilinukia vizuri, na kwamba sasa ashuke, ana mwanafunzi saa kumi na moja.

Matokeo yalibandikwa Julai kwenye lango la shule. Ruxi alipata tisa na nusu. Daktari Otilia aliwanunulia keki ya krimu, akaileta mwenyewe hadi ghorofa ya nne akihema, na siku mbili baadaye alirudi bila keki. Binti alikuwa amemwekea mbele yake fomu ya kuchagua shule, imejazwa ile ya michezo, akamkumbusha kuhusu mwezini, na Bibi Veta, alipoulizwa, alikumbuka kila neno mpaka saa.

"Mlijua," alisema Daktari Otilia, amesimama mlangoni pa jikoni.

Zenovia akasema walijua.

"Kwa alama hizi angeingia shule yoyote katika mji huu."

"Alitaka uone kwamba angeingia," alisema Haralamb.

Zenovia alisubiri vita. Alikuwa ameandaa maneno kadhaa, mengine yasiyofaa kuambiwa daktari. Lakini Daktari Otilia alivuta kiti, akakaa palepale bintiye alipokuwa akikaa, akaomba kahawa. Aliinywa yote. Kisha akauliza, kana kwamba anauliza dawa ya jirani, kipa wa mpira wa mikono anafanya nini hasa, maana hakuwahi kwenda kumtazama. Haralamb akafungua mdomo kueleza, Zenovia akamkanyaga mguu chini ya meza. Akamwambia aende akatazame. Daktari alitia sahihi ile fomu juu ya meza ile, kwa kalamu iliyobarikiwa, ikavujia kwenye jina lake. Akiwa anatoka alimwambia Haralamb afike kliniki Jumatatu.

Vuli ilipoingia, wazazi wengine walijifunza kugonga ghorofa ya nne na kuwaomba wote wawili, na Haralamb alipanda na goti lake kila alasiri. Hakuhamia. Bibi Veta aliliuliza jambo hilo kwa njia nyingi, akaambiwa kwa njia moja, ambayo haikuwa ya adabu.

Mwezi wa Oktoba timu ya Ruxi ilikuja kucheza Brăila. Walikwenda ukumbini wote watatu na mfuko wa mbegu za alizeti, Daktari Otilia akakaa katikati, akayafunika macho kila mpira ulipomwendea binti yake na kuuliza kama tayari umeshapita. Ruxi alifungwa mabao mengi na kudaka mengi zaidi. Mpira ulimpiga usoni mara moja, akacheka, akapangusa damu kwa mkono wa jezi, na mama yake akasimama, kisha akakaa tena bila kuambiwa. Kipindi cha pili refa alitoa penalti ambayo Zenovia hakuiona. Alimweleza refa alivyoiona yeye, na alimweleza pia kuhusu mama yake refa, hatua kwa hatua, bila kuruka.

Walinzi walimtoa nje kwa heshima. Haralamb akatoka naye, ingawa hakuna aliyemfukuza. Walisimama kwenye maegesho, baridi ikipanda kutoka mto Danubi, wakitafuna mbegu, na kila ukumbi ulipopiga kelele walibishana kama ni kelele ya bao au ya kudaka. Mwishowe Haralamb akaona dirisha dogo juu ya mapipa ya taka. Alivua koti, akamkabidhi, akaanza kupanda pipa la kwanza kwa goti lake zima. Zenovia alimwambia ataanguka. Akasogea karibu zaidi na pipa, koti mkononi, akamuuliza anaona nini.